UZI: Kujaza kadi ya atlasi ya ndege ipasavyo, na makosa yanayoharibu data

#1 Kigong'ota (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Wapo wengi wanaojitolea kwenye miradi ya atlasi ya ndege kwa moyo mkunjufu, macho wanayo, masikio wanayo, lakini kadi zao zinashindwa kutumika kwenye uchambuzi kwa sababu ndogo ndogo ambazo zingerekebishwa siku ya kwanza. Uzi huu ni wa kazi yenyewe: unafanya nini ukiwa uwandani, unaandika nini, na mambo yanaharibikia wapi. Wazoefu ongezeeni, wageni ulizeni bila haya.

Atlasi si orodha ya ndege uliowahi kuwaona. Ni ramani iliyokatwa vipande vya ukubwa mmoja, na kila kipande kinatembelewa kwa utaratibu uleule, ili kiweze kulinganishwa na jirani yake leo na kulinganishwa na chenyewe miaka 20 ijayo. Utaratibu uliosambaa Afrika ni ule wa SABAP2, atlasi ya pili ya Afrika Kusini iliyoanza Julai 2007. Kenya Bird Map nayo inaufuata. Kipande kinaitwa pentadi: dakika 5 za latitudo kwa dakika 5 za longitudo. Karibu na ikweta hiyo ni kama kilomita 9.2 kwa 9.3. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta mistari ya longitudo inakaribiana, kwa hiyo kwenye nyuzi 34 upana unabaki kama kilomita 7.7. Atlasi ya kwanza ya Afrika Kusini ilitumia miraba ya dakika 15, maana yake mraba mmoja wa zamani unameza pentadi 9. Uingereza wao wana mraba wa kilomita 10 uliogawanywa vimiraba 25 vya kilomita 2 kwa 2.

Sasa kadi kamili. Unachagua pentadi moja. Unatazama na kusikiliza kwa makini si chini ya saa mbili, ukijitahidi kupita kila aina ya makazi iliyomo: maji, msitu, nyika, mashamba, majengo, miamba. Kila spishi unaiandika mara moja tu, kwa mpangilio uliowapata. Ikiisha kila saa unaandika umefikia spishi ngapi. Baada ya zile saa mbili kadi inaweza kuendelea kupokea spishi mpya hadi siku 5 tangu uianze, kisha inafungwa. Siku ya sita ni kadi mpya, hata kama hujatoka kwenye pentadi.

Ukiwa na muda pungufu ya saa mbili, au ukashindwa kuyafikia makazi makubwa ya pentadi, hiyo inatumwa kama orodha ya kawaida, si kamili. Inapokelewa na ina kazi yake. Kosa ni kuiita kamili wakati siyo.

#2 Chiriku_mgeni

Shukrani mkuu. Maswali mawili. Saa mbili lazima ziwe mfululizo? Na huo mpangilio wa kuwapata una faida gani, kama mwisho wa siku ni orodha ileile?

#3 Kigong'ota

Ukiweza, zifanye mfululizo. Hesabu ya mwisho wa saa ya kwanza na ya pili inaonyesha orodha inakua kwa kasi gani. Ukipata 38 saa ya kwanza na 11 tu wapya saa ya pili, umekaribia kuimaliza pentadi kwa siku ile. Ukipata 30 na kisha 27, bado kuna ndege wengi hujawafikia. Ukikata saa vipande vya dakika kumi kumi, kipimo hicho kinapoteza maana.

Mpangilio ni hivi: ndege aliye wengi hujitokeza mapema katika kadi nyingi. Ndege adimu nafasi yake huangukia popote, na kwenye kadi nyingi hayupo kabisa. Mtu mmoja akipanga orodha kwa alfabeti kabla ya kutuma, taarifa hiyo imekufa na hakuna wa kuifufua. Usiipange. Usiisafishe. Iache ilivyotoka kwenye daftari.

#4 Dudumizi

Naongezea hapo. Kipimo kikuu cha atlasi ya namna hii ni kiwango cha kuripotiwa: kadi kamili zenye spishi hiyo, gawanya kwa kadi kamili zote za pentadi. Kadi 12, ndege yumo kwenye 9, ni asilimia 75. Basi. Ndiyo maana kadi moja ya uongo kwenye pentadi yenye kadi 4 inasogeza namba kwa asilimia 25 nzima.

Na ndiyo maana watu wanaoandika "wa maana" tu wanaiumiza atlasi kuliko wasioandika kabisa. Mtu anaacha njiwa, anaacha kunguru, anaacha shomoro, kwa kuwa anawaona kila siku. Kwenye kadi kamili, asiyeandikwa amehesabiwa kuwa hakuonekana. Kwa hiyo umetangaza kwamba umekaa saa mbili mjini bila kuona kunguru hata mmoja. Spishi za kawaida ndizo zinazoporomoka bila mtu kushtuka, na kadi pekee ndiyo ingetuonyesha.

Jueni pia kipimo hiki hakihesabu vichwa. Kwelea mmoja na kwelea elfu kumi wote ni alama moja. Kama mradi wenu unapokea idadi, wekeni, ila msiache kuandika spishi kwa kuwa hamkuweza kuhesabu.

#5 Teleka

Mimi nitashika upande wa mahali na saa, maana huko ndiko kadi nyingi zinakopotelea.

Kosa la kwanza ni nukta. Kifaa kinaonyesha 1°25' kusini, mtu anaandika 1.25. Dakika si desimali. Dakika 25 gawanya kwa 60 ni 0.4167, kwa hiyo sahihi ni 1.4167. Ukiandika 1.25, kompyuta inaelewa nyuzi 1 na dakika 15. Umehama dakika 10 kuelekea kaskazini, kama kilomita 18.4, yaani pentadi mbili kamili. Ndege wako wa bwawani ameangukia labda juu ya mlima. Na ukisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo ya kusini, 1.4167 inakuwa kaskazini mwa ikweta, kilomita zaidi ya 310 kutoka uliposimama.

Jina la pentadi ya SABAP2 linatokana na kona ya kaskazini-magharibi. Una nukta 33°57' kusini, 18°28' mashariki. Shusha dakika hadi kigawe cha 5 kilicho chini: 57 inakuwa 55, 28 inakuwa 25. Jina ni 3355_1825. Kumbuka dakika zinaishia 59, halafu ni nyuzi nyingine. Hakuna pentadi inayoanza dakika 60. Miradi mingine ina namna yake ya kuandika majina, lakini hesabu ya kushusha ni hiyohiyo.

Kosa la pili ni ramani za karatasi. Nyingi za zamani zimechorwa kwa datamu (msingi wa kupimia mahali duniani) tofauti na WGS84 inayotumiwa na simu. Zile za Arc 1960, kwa mfano, zinatofautiana na WGS84 kwa takriban mita 300. Katikati ya pentadi si tatizo. Ukiwa karibu na mpaka, mita 300 zinakupeleka upande wa pili.

Kosa la tatu, na hili ni letu sisi watumiaji wa Kiswahili hasa: saa. Daftarini mtu kaandika "1:15" akimaanisha saa moja na robo asubuhi. Jioni anaingiza kwenye mfumo 1:15, na mfumo unaelewa saa saba na robo usiku. Mnajua matokeo: keremkeremu na chozi wanaruka gizani, na bundi wa saa mbili usiku anaingia kama wa saa nane usiku. Amueni moja tangu mwanzo. Mimi napendekeza daftarini kuandika kwa mfumo wa saa 24, kama skrini ya simu inavyoonyesha: 07:15, 19:40. Kinywani tuendelee na saa zetu.

#6 Chiriku_mgeni

Hilo la saa limenigusa, maana ndivyo ninavyoandika. Je, ndege akiwa upande wa pili wa mpaka wa pentadi lakini mimi nipo ndani?

#7 Teleka

Anahesabiwa alipo yeye, si ulipo wewe. Simu inarekodi ulipo wewe. Ukimwona tumbusi kwenye mti ng'ambo ya mto, na mto ndio mpaka, mwondoe kwenye kadi au msogeze kwa mkono kwenye ramani kabla ya kutuma. Anayepita angani juu ya pentadi ni wa pentadi hiyo kwa atlasi ya uwepo, lakini kwa kuzaliana hahesabiki.

Kuhusu simu yenyewe. Pakua ramani mapema, kisha weka hali ya ndegeni. GPS inaendelea kufanya kazi kwa sababu inapokea tu, haitumi. Chaji inadumu zaidi kwa kuwa simu haihangaiki kutafuta mnara. Ila bila data simu inalazimika kupokea taarifa za mizunguko kutoka kwa satelaiti zenyewe, na mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa. Simama mahali pa wazi, isubiri itulie, ndipo uanze kadi. Ukianza kutembea chini ya miti minene mara tu umewasha, nukta za mwanzo zinaweza kuangukia mbali na njia yako.

Na daftari halijapitwa na wakati. Penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu mvua ikinyesha wino unatapakaa na penseli inabaki.

#8 Bi_Korongo

Wanangu, mmeanza vizuri. Niseme la majina, maana Kiswahili kina utajiri wake na mitego yake.

"Korongo" kwa mmoja ni yule mwenye shingo ndefu wa majini, kwa mwingine ni yule mkubwa wa nyikani mwenye taji. "Mwewe" kwa watu wengi ni kila mla vifaranga aliye angani. "Tai" anaweza kuwa mwindaji au mla mizoga. Kadi haiwezi kubeba jina linalobeba familia tatu. Andikeni jina la Kiswahili kwa ajili ya kumbukumbu zenu, lakini kinachoingia kwenye kadi kiwe jina la kisayansi, na lifupisheni kwa namna isiyogongana. Herufi tatu za jenasi na tatu za spishi zinatosha mara nyingi, ingawa hakikisheni kwa orodha yenu ya eneo kwamba hakuna wawili wanaotoa kifupi kimoja.

Majina ya kisayansi nayo yanahama. Yangeyange wa ng'ombe amejulikana miaka mingi kama Bubulcus ibis, na sasa orodha nyingine zinamwita Ardea ibis. Yule bundi wa kwenye mapaa, Tyto alba, amegawanywa kuwa spishi zaidi ya moja. Ukitumia kitabu cha zamani na programu mpya, jina halipatikani, kidole kinachagua lililo karibu, na hapo ndipo kosa linapozaliwa. Jina likikosekana, tafuteni kwanza jina jipya kabla ya kugusa jingine.

Na jioni, kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, isomeni orodha kwa sauti mstari kwa mstari. Jicho linaruka, sikio haliruki. Utasikia jina la ndege ambaye hukumwona, lililoingia kwa sababu kwenye skrini liko mstari mmoja chini ya lile ulilolitaka.

#9 Mdiria_88

Je, aliyesikika tu bila kuonekana anaingia? Na hizi programu za kutambua sauti mnazichukuliaje?

#10 Dudumizi

Anaingia, kama unaijua sauti yake kwa yakini. Msituni ukitegemea macho peke yake utatoka na nusu ya ndege waliokuwepo.

Programu kama Merlin ni mshauri. Ikikuambia jina, umepata mahali pa kuelekeza darubini, hujapata rekodi. Kinachoipoteza ni waigaji. Kurumbiza, Cossypha natalensis, anaimba vipande vya nyimbo za ndege wengine kadhaa ndani ya dakika moja. Mramba, Dicrurus adsimilis, anaiga milio ya tahadhari ya ndege wengine na hata wanyama, na anaitumia kuwatisha wenzake wadondoshe chakula. Ukiona programu imeorodhesha spishi tano kutoka kichaka kimoja ndani ya sekunde arobaini, simama hapohapo ungoje. Mara nyingi ni ndege mmoja.

Ukirekodi sauti mwenyewe, elekeza simu kwa ndege, usizungumze, usisogeze vidole kwenye kava. Sekunde 30 zinatosha. Mwishoni, bila kuzima, tamka tarehe, saa, mahali na ulichokiona akifanya. Usitamke mwanzoni, maana akishakimbia kwa sauti yako utakuwa umerekodi utangulizi mtupu. Kama simu inaruhusu, hifadhi kwa WAV. Mfumo uliobanwa unatupa sehemu ya sauti, na sehemu hiyo huenda ndiyo mhakiki anayoihitaji.

Kuwachezea sauti ili wajitokeze: soma kanuni za mradi wako kwanza, ipo inayokataza kabisa. Karibu na kiota usifanye hata kama inaruhusu. Dume anaacha kulisha au kulinda ili aje kupigana na spika.

#11 Mdiria_88

Nimekusoma. Sasa mradi wetu unataka pia alama za kuzaliana. Hapo nachanganyikiwa, kila kitu naona kama kimethibitika.

#12 Kitwitwi

Mimi huhakiki kadi, kwa hiyo ngoja nilishike hili kwa urefu, ndilo lenye makosa mengi kuliko yote.

Kwa mfumo wa Ulaya unaotumika sana kuna ngazi tatu na alama 16. Ngazi ya kwanza, *inawezekana*: ameonekana kwenye makazi yanayomfaa msimu wa kuzaliana (1), au dume anaimba (2). Ngazi ya pili, *yaelekea*: jozi (3), anashikilia eneo lilelile kwa siku mbili tofauti zilizopishana wiki au zaidi (4), kuchumbiana (5), anakagua mahali pa kiota (6), anahangaika na kulia ukikaribia (7), ana upara wa kuatamia akishikwa mkononi (8), anajenga kiota (9). Ngazi ya tatu, *imethibitika*: anajifanya kuvunjika bawa (10), kiota kilichotumika au maganda ya mayai ya msimu huo (11), makinda yaliyotoka kiotani karibuni (12), mzazi anaingia na kutoka kwa namna inayoonyesha kiota kina mayai au makinda (13), amebeba chakula au kinyesi cha makinda (14), kiota chenye mayai (15), chenye makinda (16).

Mnaona kujenga kiota kuko wapi? Namba 9, chini ya uthibitisho. Mtazame mnana uelewe sababu. Dume anaanza na pete ya nyasi iliyosimama wima kwenye ncha ya tawi, anaingia katikati yake, anasuka chumba upande mmoja na mlango upande wa pili, kisha ananing'inia chini yake akipiga mabawa. Jike anakuja, anavuta nyuzi kwa mdomo, anaondoka. Kiota kikianza kunyauka na kuwa kahawia bila kupata jike, dume anakibomoa au anakiacha na kuanza kingine. Unaweza kuhesabu viota kumi na viwili kwenye mti na visivyo na yai viwe vingi. Andika 9. Ukimwona jike anaingia na panzi mdomoni, hapo andika 14.

Namba 14 nayo ina mitego. Buabua anabeba samaki kumpelekea mchumba, na anaweza kumbeba mbali sana. Kozi na jamaa zake hubeba windo kwenda kulila wenyewe mahali patulivu. Kwa ndege wadogo wala wadudu, akibeba wadudu kadhaa kwa pamoja bila kuwameza na kurudi upande uleule mara mbili au tatu, hiyo ni 14 bila shaka.

Kwa Afrika kuna mtego mkubwa zaidi: wahamiaji wanaimba kabla ya kuondoka. Phylloscopus trochilus anaimba vizuri kabisa akiwa kwenye miti yetu, na mbayuwayu wa Ulaya, Hirundo rustica, anaimba kwenye waya akisubiri safari ya kaskazini. Hawazai huku. Kuimba kwao si namba 2. Waacheni bila alama yoyote.

Kekeo ni jambo la pekee. Chrysococcyx caprius anataga kwenye viota vya mnana na kwechi. Mkimwona mnana analisha kinda la kekeo, wote wawili wanastahili uthibitisho: kekeo kwa sababu kinda lipo, mnana kwa sababu kiota chake kililea.

Mwisho wa hili: msikitafute kiota kwa kufunua majani. Uthibitisho mwingi mzuri unapatikana umekaa mita 30 ukitazama mzazi anaelekea wapi. Njia unayoikanyaga kufikia kiota ndiyo atakayoifuata mnyama mwindaji.

#13 Chiriku_mgeni

Kitwitwi, kwa kuwa wewe ni mhakiki: nimetuma kadi, nimerudishiwa fomu ya kueleza ndege "nje ya eneo lake". Nijaze nini? Picha sina.

#14 Kitwitwi

Picha si sharti. Fomu inatoka yenyewe pale spishi ikiingia kwenye pentadi iliyo nje ya ramani yake inayojulikana, au msimu usio wake. Haina maana hatukuamini. Baadhi ya rekodi zenye thamani kuliko zote zimepita hapo, kwa sababu maeneo ya ndege yanahama kweli.

Maelezo mabaya ni haya: "Nilimwona vizuri, namfahamu." Hakuna ninachoweza kupima hapo. Maelezo mazuri yanafanana na haya:

"Mmoja, ukingo wa tope wa bwawa, umbali kama mita 25, jua nyuma yangu, dakika 4 kwa darubini. Mgongo kahawia wenye madoadoa mengi meupe. Mstari mweupe juu ya jicho, unapita hadi nyuma ya jicho. Miguu njano inayoelekea kijani. Anatikisa nyuma anapotembea. Aliporuka: kiuno cheupe, chini ya bawa ni hafifu si jeusi, vidole vimepita ncha ya mkia. Sauti kali ya haraka, chif-if-if."

Huyo ni Tringa glareola, na mwandishi amenipa cha kumtenga na ndugu yake Tringa ochropus, ambaye chini ya bawa ni mweusi, mgongo una madoa machache, na mstari wa usoni hauendi nyuma ya jicho. Kumtenga anayefanana naye ndilo jambo ninalolitafuta. Andika hayo *kabla* ya kufungua kitabu. Ukishaona mchoro, kumbukumbu inaanza kuiga mchoro.

Na ukibaki na shaka, ishia kwenye jenasi au usiandike. Videnenda, vipozamataza, teleka wa mbali angani, makinda ya shakwe: hawa wote wameshinda watu wazoefu. Spishi moja iliyokosekana kwenye kadi itaonekana kwenye kadi ya mwingine. Spishi moja ya uongo inabaki kwenye ramani hadi mtu aje kuitilia shaka miaka mingi baadaye.

#15 Mdiria_88

Orodha za eBird, ule mfumo wa mtandaoni wa kuorodhesha ndege, zinaweza kutumika badala ya kadi?

#16 Teleka

Ni mfumo tofauti, upo tangu 2002, na una nguvu yake. Wanauliza swali moja la msingi: je, hii ni orodha kamili ya ndege wote ulioweza kuwatambua? Jibu la ndiyo likiwa kweli, orodha ina thamani ileile aliyoieleza Dudumizi kuhusu wasioonekana. Kinachotofautiana ni kwamba pale unarekodi muda na umbali wa matembezi, bila mipaka ya pentadi wala sharti la saa mbili.

Ukitaka orodha ya eBird iweze kusomwa pia kwa macho ya atlasi, ifunge ukifika mpaka wa pentadi na ufungue nyingine. Umbali ni wa kwenda tu. Kama umerudi kwa njia ileile, usiuhesabu mara mbili. Na usiweke nukta ya orodha ya kilomita 12 kwenye geti ulikoanzia, kisha ndege wote waonekane wanaishi getini.

#17 Bi_Korongo

Kuna jambo halijasemwa bado nami silipendi lipite. Viota vya tumbusi, vya tai wakubwa, na mahali wanapolala kasuku wa kijivu: msiviweke hadharani kwa nukta kamili. Pentadi yenyewe inatosha kwa atlasi, kwani kilomita 9 kwa 9 haimwelekezi mtegaji mtini. Hatari iko kwenye picha mnazosambaza kwenye makundi. Picha ya simu hubeba nukta ya mahali ndani yake. Zimeni kipengele cha mahali kwenye kamera kabla ya kutoka, au piteni kwenye picha na kuiondoa kabla ya kutuma. Kwa mradi tumeni nukta kamili kupitia njia yao ya siri, maana wahifadhi wanaihitaji.

#18 Chiriku_mgeni

Asanteni sana wakuu. La mwisho: kuna pentadi ya mashamba matupu na vumbi, hakuna hata kadi moja. Nikikaa saa mbili nikatoka na spishi 14, si nitakuwa nimepoteza muda wa watu?

#19 Kigong'ota

Hiyo ndiyo kadi ninayoitamani kuliko ya hamsini kutoka hifadhini. Watu hurundikana penye ndege wengi na barabara nzuri. Pentadi moja inapata kadi mia, jirani yake sifuri, na ramani inaishia kuonyesha watazamaji wanakoishi. Kadi ya kwanza kwenye pentadi tupu inaifanya iwepo. Kadi ya nne, ya misimu tofauti, inaanza kusema kitu kuhusu mabadiliko.

Ila usikae sehemu moja saa mbili ukaiita kamili. Fungua picha ya satelaiti usiku uliotangulia, tafuta kila doa la kijani na kila mng'ao wa maji, hata lambo la ng'ombe au mstari wa miti kando ya korongo. Panga njia inayopita kwenye madoa hayo, ukianzia kwenye maji. Fika kabla jua halijachomoza, kwa sababu saa ya kwanza ya mwanga ina sauti nyingi na mchana wa joto wote wananyamaza. Kama unaweza, baki hadi giza liingie ndani ya zile siku 5, upate mpasuasanda na bundi. Kwenye nchi kavu hao wanaweza kuongeza spishi tatu nne ambazo mchana hungezipata. Omba ruhusa kwa wenye mashamba, na uwaonyeshe kadi. Wao wanajua bundi analala mti gani.

Kisha itume kama ilivyo. Spishi 14, saa mbili, makazi yote yamepitiwa, hesabu ya kila saa imeandikwa.

#20 Chiriku_mgeni

Sawa mkuu. Nimeangalia picha ya satelaiti sasa hivi. Kuna malambo mawili na mstari wa miti upande wa mashariki, karibu na mpaka.

#21 Teleka

Miti iliyo karibu na mpaka, hakikisha kwa desimali kabla ya kwenda. Kama mstari wa pentadi unaikata katikati, simama upande wa magharibi na uandike wa upande huo tu.